Akademi au chekechea ya kaunti? Siku ya mtoto wa PP1 hapa Nakuru, saa kwa saa

Ikifika Novemba huwa sipiti njia kwa amani. Nikichagua sukuma wiki, nikingoja tuktuk, hata nikiwa saluni kichwa kimejaa povu, kuna mtu ataniinamia: "Mwalimu, huyu wangu Januari anafikisha miaka minne. Nimpeleke wapi?" Swali huja na majibu yake mawili mkononi. La kwanza ni akademi ya mtaani, yenye geti la bluu, ukuta uliochorwa wanyama wanaocheka, na gari la njano. La pili ni chekechea ya umma iliyo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, ile watu wanayoiita "nasari ya kaunti" huku sauti ikishuka kidogo.

Nimefundisha kote kuwili. Miaka minne akademi, na huu ni wa sita katika chekechea ya kaunti. Kifungua mimba wangu alisomea akademi kwa sababu walimu tulipunguziwa karo. Mdogo wake nilimweka darasani kwangu mwenyewe. Basi nina upendeleo, nao utauona bila kuutafuta.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba kwenye karatasi shule hizi mbili zinafundisha mambo yale yale. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima 2019, unaweka miaka miwili kabla ya Gredi ya Kwanza, yaani PP1 na PP2, na masomo yake huitwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na za dini. Hakuna mtihani wa kuwapanga watoto kuanzia nambari moja hadi mkia. Mtoto huangaliwa kama amefikia matarajio, ameyazidi, anayakaribia au bado yuko chini. Kwa hiyo akademi ikikuambia "sisi tuko mbele ya silabasi", waulize wako mbele wakienda wapi.

Kinachotofautiana ni anayelipa. Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, huku shule ya msingi ikibaki kwa serikali ya kitaifa. Mimi mwajiri wangu ni kaunti. Mwenzangu wa Gredi ya Kwanza, ambaye tunagawana naye ukuta, mwajiri wake ni TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Mwalimu mkuu wetu ni mmoja, wanaotulipa ni wawili. Bati likivuja upande wangu, barua inaelekea ofisi moja. Likivuja upande wake, inaelekea nyingine. Mzazi akilielewa hili, huacha kumfokea mtu asiyehusika.

Kabla ya kengele

Nakuru iko juu ya mita 1,800, na asubuhi ya Julai baridi hung'ata masikio. Gari la akademi haliendi kwa mtoto mmoja. Mtoto wa Kiamunyi huamshwa saa kumi na moja, anachukuliwa saa kumi na mbili kasoro, anazungushwa kupitia London (mtaa wetu, si ule wa Uingereza), na anafika shuleni akiwa amelala shingo imepinda. Miaka ile minne, somo langu la kwanza kila siku lilikuwa la usingizi. Niliacha kupigana nao; nikatandika mkeka nyuma ya darasa mpaka saa mbili na nusu.

Chekechea ya kaunti mara nyingi ni ya kwenda kwa miguu, mtoto ameshikwa mkono na dada yake wa Gredi ya Nne. Hilo ni jema mpaka kuwe na barabara ya lami katikati, na bodaboda zisizojua breki. Kama njia yenu inakatiza lami, uliza nani huwavusha watoto, na usikubali jibu la "huwa wanavuka tu".

Saa tatu asubuhi, mkono unafanya nini?

Hapa ndipo ningependa mzazi asimame muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu hapa ndipo shule nyingi huonyesha rangi yake.

Kule akademi nilikuwa na msichana mmoja mpole, ambaye siku hiyo alipewa herufi b, mistari ishirini. Alibonyeza penseli mpaka ncha ikatoboa karatasi. Alipofika mstari wa tisa, b zikageuka d. Kufikia wa kumi na tatu zilikuwa vijiti tu, kama uzio ulioangushwa na ng'ombe. Sikumwachisha. Mwenye shule alitaka vitabu vijae, kwa kuwa mzazi hufungua kitabu jioni kuona karo yake imeenda wapi. Kile kitabu kilikuwa risiti.

Kifundo cha mkono wa binadamu kina mifupa minane midogo. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu. Hugeuka mifupa mmoja mmoja, na wa mwisho huja mtoto akiwa na miaka tisa, kumi, au zaidi. Wa miaka minne bado ana kadhaa ambayo haijakuwa mfupa kamili, na misuli midogo ya vidole ndiyo kwanza inajifunza kazi. Mkono kama huo hujengwa kwa kufinyanga, kurarua karatasi, kupitisha uzi kwenye tundu, kukamua kitambaa chenye maji na kuokota maharagwe moja moja. Penseli huja ikiwa imetandikiwa njia. Ikitangulizwa, mtoto hujifunza kuishika kwa ngumi, na kumvunja hiyo tabia Gredi ya Pili ni kazi ya mwaka mzima.

Sasa njoo huku kwetu, Aprili moja, asubuhi baada ya mvua kubwa. Dimbwi lilikuwa limebaki nyuma ya darasa. Nilikuwa nimekusanya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ya Kasuku kutoka kwa wazazi, ya kilo moja na ya nusu kilo, nikawaachia. Kijana mmoja alijaza mdogo, akamimina kwenye mkubwa. Akatazama ndani. Akajaza tena, akamimina, maji yakafika ukingoni. "Ticha! Hii kubwa imemeza ndogo mbili!" Mwenzake akamwambia ni uongo. Wakarudia. Wakarudia tena kwa mkebe mwingine, maana huenda ule wa kwanza ulikuwa na uchawi. Mara ya nne, yule mbishi ndiye aliyekuwa akiwaeleza wengine.

Jioni mama yake aliniuliza mbona sweta imelowa na kitabu kikavu.

Lakini nisikudanganye kwamba kila darasa la kaunti lina mikebe. Nimeingia madarasa ya umma ambamo mwalimu, amechoka na watoto wamemzidi, anaelekeza fimbo kwenye chati na darasa linaimba a, e, i, o, u kuanzia kengele mpaka uji. Na nimeona akademi moja ndogo ya mabati, hata rangi haijapakwa, ambayo mwalimu wake ameshona magunia ya nailoni, akachora herufi na wanyama, akatundika ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto na si ya mtu mzima. Humo ndani kulikuwa na kona ya duka: pakiti tupu za majani chai, mizani ya vifuniko viwili na uzi, pesa za karatasi. Mtoto mmoja alikuwa anamkopesha mwenzake na kukataa katakata kuongeza deni. Hiyo ni hisabati, lugha na maisha ya mtaa wa Kaptembwo kwa pamoja.

Jambo moja halina mjadala upande wowote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku kumchapa mwanafunzi. Ukiona kiboko mezani, hata wakisema ni cha kuonyeshea herufi, shika mkono wa mwanao mrudi nyumbani.

Lugha

Sera ya nchi inasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale shule ilipo. Kijijini hiyo itakuwa lugha ya mama. Katika mji kama wetu, ambako ploti moja ina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo na Mkisii, lugha hiyo ni Kiswahili. Chekechea ya kaunti hufuata hivyo, angalau kwa mdomo. Akademi nyingi huanza Kiingereza getini.

Katika ile niliyofundisha kulikuwa na kibao cha mbao chenye uzi, tulikiita monto, alichovishwa mtoto aliyeponyokwa na Kiswahili. Mvulana wa PP1 alikojoa kwenye kiti. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba ruhusa, alininong'oneza sikioni, kwa Kiswahili, akitazama mlango: hakujua choo kinaitwaje kwa Kiingereza. Nilikificha kile kibao juu ya kabati. Baada ya wiki kilikuwa kimepatikana.

Upande wa pili nao usikiwe. Kuanzia Gredi ya Nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa akademi hufika huko ulimi umeshalainika. Kifungua mimba wangu alifika hivyo. Mdogo wake alitaabika muhula mmoja na nusu, kisha akashika. Mimi nilikuwa radhi kulipa muhula huo. Mzazi mwingine huenda asiwe radhi, na simlaumu.

Kiwanja

Akademi nyingi za mitaani zimejengwa kwenye ploti iliyokusudiwa nyumba ya kupangisha. Kiwanja ni ukumbi wa saruji, bembea moja, na kile cha kuteleza cha plastiki kilichopauka. Watoto hutoka kwa zamu, dakika kumi na tano, wakiambiwa wasikimbie. Chekechea ya kaunti ina nyasi, miti na nafasi ya kucheza brikicho. Shida ni kwamba nafasi hiyo hiyo ina wavulana wa Gredi ya Sita na mpira wao. Shule yenye akili hutenganisha saa za mapumziko. Yetu ilitenganisha baada ya mtoto kupigwa mpira wa uso mara mbili kwa muhula mmoja.

Ukitaka kujua kama watoto wanacheza kweli, usihesabu bembea. Sikiliza kama kuna kalongolongo. Watoto wakiwa na vipande vya vigae, majani ya mti na robo saa bila kuamrishwa, mmoja atakuwa mama, mwingine kondakta, mwingine daktari, na watagombana juu ya nani ni mtoto mchanga. Katika ugomvi ule ndimo mtoto anajifunza kungoja zamu, kushawishi na kukubali kushindwa. Mahali ambapo kila mchezo una mwalimu wa kuupuliza kipenga, hayo hayatokei.

Uji, maji na choo

Uji kwetu huchangiwa na wazazi, na mwezi wazazi wakichelewa, uji nao huchelewa. Akademi huuweka ndani ya karo, na huja kila siku saa nne. Hapo wametushinda.

Maji ndiyo watu wa Nakuru tungepaswa kuuliza kwanza, lakini hatuulizi. Visima vingi vya upande huu vina madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana wengi tuliokulia hapa tuna meno yenye madoa ya kahawia. Meno ya kudumu hujijengea ndani ya ufizi miaka hii hii ya chekechea. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu tu. Uliza shule: maji ya kunywa ni ya kisima au ya mvua? Kama ni ya kisima, yanapitishwa kwenye chujio la mifupa iliyochomwa au hapana? Kuna akademi ya karo kubwa iliyonijibu "ni maji safi kabisa, tunachemsha". Tangi la maji ya mvua kwetu lina kutu kwenye kifuniko, lakini ningempa mwanangu hayo.

Choo ingia mwenyewe. Shimo la choo lililokatwa kwa ajili ya mtu mzima ni kisima kwa mtoto wa miaka minne; atajizuia siku nzima arudi nyumbani tumbo linauma. Chekechea nyingi za umma hutumia vyoo vya wakubwa. Yetu ilipata vyenye tundu dogo miaka miwili iliyopita, na ghafla watoto wakaanza kumaliza uji wao.

Idadi

Hapa akademi inashinda waziwazi. Kule nilikuwa na watoto 22. Huku mwaka mmoja nilianza Januari na 58, peke yangu. Mwalimu wa watoto 58 hafundishi, anachunga. Ile mikebe ya Kasuku niliiweza kwa kuwa mwaka ule tulikuwa walimu wawili na watoto 41, mmoja nje, mwingine ndani. Ukitembelea chekechea ya umma usiulize ina watoto wangapi kwa jumla. Hesabu watu wazima waliomo darasani siku hiyo, ugawanye.

Saa sita unusu, na pesa

Chekechea ya kaunti huwaachilia watoto karibu na saa sita unusu. Akademi hukaa nao hadi saa tisa au kumi, wakila na kulala. Kwa familia ambayo baba yuko kazini na mama ana kibanda, hilo tu linaweza kumaliza mjadala, na sioni aibu ndani yake.

Ukilinganisha pesa, usilinganishe karo na karo. Upande wa akademi jumlisha gari, yunifomu mbili na tracksuti, vitabu vyao vya lazima, ada ya safari, picha, na yale mahafali ya Novemba ambapo mtoto wa miaka mitano huvikwa joho na kofia kama amemaliza Chuo Kikuu cha Egerton. Upande wa kaunti jumlisha uji, michango ya hapa na pale, na mtu wa kukaa na mtoto kuanzia mchana. Nimeona mama akikimbia karo ya akademi, kisha akalipa zaidi kwa yaya. Nimeona pia mwingine aliyekuwa na nyanya ya watoto nyumbani, mzima na mcheshi, bado akalipia mtoto kukaa shuleni hadi saa kumi, kwa kuwa majirani wote walifanya hivyo.

Na zile za Montessori?

Naulizwa mara moja moja, hasa na wa Milimani, mtaa wa wenye nacho. Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano, na mwaka 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa darasa moja, kila mmoja huchagua kazi yake kutoka rafu, na mwalimu huongea kidogo. Kifaa chake maarufu ni mnara wa vipande kumi vya mbao, kidogo kabisa cha sentimita moja kila upande na kikubwa cha kumi. Ukikosea mpangilio, mnara wenyewe unakuambia. Ni elimu nzuri sana. Lakini jina kwenye ubao wa geti si cheti. Shule ikijiita hivyo, kisha ukakuta watoto wa rika moja, wameketi safu, wananakili ubaoni, basi umelipia ubao wa geti. Na huwa natabasamu kidogo, nikikumbuka kwamba kitu kilichoanzia kwa watoto wa vibarua leo karo yake vibarua hawaigusi.

Ningechaguaje

Kama kuna mtu nyumbani mchana, chekechea ya kaunti iko umbali wa kutembea, na darasa lina walimu wawili au watoto wasiozidi arobaini hivi, ningempeleka huko bila kuwaza mara mbili. Pesa zinazobaki nunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili, umsomee usiku. Kama ni mwalimu mmoja na umati, ningetafuta akademi ndogo yenye mwalimu aliyekaa zaidi ya mwaka mmoja. Wengine hubadilisha walimu kila muhula kama mapazia. Gari la kuamsha mtoto saa kumi na moja silitaki kwa shule yoyote ile.

Nenda saa nne asubuhi, siku ya kawaida, bila kupiga simu. Siku ya wazi ni ya wageni.

Jirani yangu mmoja huuza viazi Soko la Wakulima. Huondoka nyumbani alfajiri, hurudi jua likielekea kuzama, na hana mama mkwe mjini. Alitegemea nimwambie amlete kwangu. Nikamwambia hapana dada, mtoto ataachiliwa saa sita unusu na wewe uko sokoni, tafuta akademi. Akataja ile ya geti la bluu. Nikamwelekeza kwa ile ya mabati yenye magunia ukutani, na saa ya kwenda.

Alhamisi iliyopita simu yake ikaingia nikiwa nagawa uji. Nyuma yake kelele tupu.

"Mwalimu, nilikuja kutazama tu. Nimekuta wanapika chapati za matope, na huyu wangu ameshika mkebe, hataki kutoka. Sasa nifanyeje, na viazi nimemwachia mtu?"